Mchagua Spana Ndiye Fundi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake naielewa, na katika miaka yangu ya ualimu niliitumia sana methali hiyo kuwaamsha wanafunzi waliokuwa wakizungukazunguka mlangoni mwa stoo ya shule siku za kilimo, huyu akilalamika kuwa jembe lake lina mpini mfupi, yule akisema lake limelika ncha. Mkulima hodari hulima kwa jembe alilolikuta. Lakini kila methali ina mpaka wake, na mpaka wa hii ni pale mkulima anapoweka jembe chini na kushika spana. Katika kazi ya kufungua nati na bolti, hasa zile zilizoshikwa na kutu au zilizolika pembe, mambo hugeuka juu chini. Huko, asiyechagua ndiye asiye fundi.

Msomaji asinicheke akiona mwalimu mstaafu anakaa kitako kuandika habari za nati. Sisi wa Pande, tulio kandokando ya bahari baina ya Kilwa na Lindi, tunaishi na kutu kama tunavyoishi na mbu. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi ndani ya nyumba. Baiskeli ikifika mpya leo, baada ya masika mawili nati za gurudumu lake la nyuma zina rangi ya udongo mwekundu. Zaidi ya hayo, kila nikiitazama historia ya sehemu zetu za kusini naona kwamba sura nyingi za historia hiyo zaweza kusomwa katika nati: nani alikuja, alipima kwa kipimo gani, na alipoondoka aliacha nini kikiliwa na kutu.

Wazee wetu walijua ugomvi wa chuma na bahari tangu zamani. Mtepe, chombo kilichosafiri katika pwani hii kwa karne nyingi, haukutegemea misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti. Sisemi kwamba walifanya hivyo kwa kuogopa kutu peke yake, maana kamba ilipatikana kila mahali na chuma kilikuwa ghali. Lakini faida moja ilikuwa dhahiri: kilichoshonwa huweza kufumuliwa na kushonwa upya. Chuma kilipozidi kuja, kilikuja pamoja na majina yake. Msumari ni neno tulilolipata kwa Waarabu. Parafujo, ambalo wazee bado wanalitumia, limetoka kwa Wareno, waliofika Kilwa mwaka 1500 na kujenga ngome Kisiwani mwaka 1505. Nati, bolti na spana ni maneno ya Waingereza. Kwa hiyo fundi, kabla hajashika kitu mkononi, ulimi wake umekwisha kuwataja wageni watatu.

Sasa tuelewane nati hugoma kwa nini. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikiota ndani ya nyuzi za bolti hujaza ule mwanya mdogo uliokuwapo na kuibana nati kana kwamba imemwagiwa saruji. Hilo ni tatizo la kwanza, nalo lina dawa. Tatizo la pili ni kulika kwa pembe. Nati ya kawaida ina pande sita na pembe sita. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na ikiwa imepwaya hata kwa nusu milimita haishiki tena pande, bali hukandamiza pembe mbili. Fundi akiongeza nguvu, pembe hukunjika, na baada ya mizunguko michache nati imekuwa mviringo kama kizibo cha chupa. Ndiyo maana nasema, kutu huifanya nati kuwa ngumu, lakini kinachoiharibu ni spana inayokaribia kutosha. Spana isiyotosha kabisa haina madhara, maana haiingii. Ile inayokaribia ndiyo ya kuogopwa.

Wapi basi spana hizi zinazokaribia zilitoka? Hapa ndipo historia inapoingia. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 kila karakana ya Ulaya ilikata nyuzi zake kwa namna yake, na nati ya karakana moja haikuingia katika bolti ya nyingine. Mwaka 1841 fundi Mwingereza aliyeitwa Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, chenye nyuzi za pembe ya nyuzi-joto... la, nisimchanganye msomaji kwa neno hilo la hali ya hewa. Niseme pembe ya digrii 55. Waingereza wakakikubali. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akatoa kipimo chake cha digrii 60, na Marekani ikamfuata. Mwaka 1898 nchi za bara la Ulaya zikakutana Zurich na kukubaliana juu ya nyuzi zinazopimwa kwa milimita. Hivyo dunia ilipoingia karne ya 20 ilikuwa na madhehebu matatu ya nati, na kila dhehebu lilikuwa na spana zake.

Ugumu haukuishia katika nyuzi, kwani hata maandishi ya spana hayakufanana. Spana ya Whitworth iliyoandikwa 3/8 ina mdomo wa inchi 0.71, yaani karibu milimita 18, kwa sababu namba ile hutaja unene wa bolti wala si upana wa nati. Spana ya Kimarekani iliyoandikwa 3/8 ina mdomo wa inchi 3/8 yenyewe, ambazo ni kama milimita 9.5. Mtu aliyefundishwa na mmoja, akipewa spana za mwingine, husoma namba ileile na kupata kitu kingine kabisa.

Wajerumani walipokuja kututawala walikuwa wanapima kwa mita, ingawa katika viwanda vyao nyuzi za Whitworth zilikuwa bado zinatumika sana. Walileta mashine za kuchambua mkonge, reli nyembamba za mashambani na meli. Habari ya meli moja yafaa kukumbukwa hapa. Manowari Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, kaskazini kwetu, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza, wenyewe Wajerumani wakaizamisha. Haikupita muda mrefu wakarudi, wakang'oa mizinga yake yote 10, wakaipandisha kutoka majini na kuivuta kwa nguvu za watu hadi nchi kavu, nayo ikapiganishwa vitani katika nchi yetu. Mmoja waweza kuonekana Mombasa katika Ngome ya Yesu. Kila nikisoma habari hiyo nafikiri juu ya wale waliofungua bolti kubwa za mizinga ndani ya maji ya chumvi na tope la mikoko. Bahati yao ni kwamba waliwahi. Yale yaliyoachwa yalibaki topeni kwa miongo mingi, na kutu haikuwa na haraka.

Baada ya vita hiyo Waingereza wakaja na Whitworth yao. Lakini mchanganyiko mkubwa kwetu kusini uliletwa na karanga. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 ukilenga kulima ekari zaidi ya milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili Uingereza iliyokuwa imetoka vitani ipate mafuta ya kula. Matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Vilevile kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Ikajengwa bandari Mtwara, na reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Hebu fikiri karakana moja yenye mashine za Kimarekani zilizokaa kwenye unyevu wa Pasifiki na mafundi waliozoea spana za Kiingereza. Waingereza na Wamarekani wenyewe walikuwa wamekwisha kusumbuliwa na jambo hilo wakati wa vita, vipuri vya huku visipoingia kule, hata tarehe 18 Novemba 1948 nchi hizo pamoja na Kanada zikatia saini mjini Washington kipimo kimoja cha nyuzi. Lakini saini ya Washington haikubadili nati iliyokwisha kufungwa.

Mpango wa karanga ukavunjwa Januari 1951, ukiwa umekula mamilioni ya pauni. Wataalamu wameandika sababu nyingi: mvua, udongo uliokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, haraka, na mashine zisizofaa kazi. Mimi huzifupisha zote katika neno la karakana: walikuja na spana iliyokaribia kutosha. Reli ilibaki ikibeba kidogo kuliko ilivyotarajiwa, ikafungwa mwaka 1962, na baadaye ikang'olewa.

Nilipata kumjua mtu aliyefanya kazi katika reli hiyo. Alikuwa kijana ilipojengwa, na alikuwamo katika kundi la kuifungua. Jina lake nalihifadhi. Alinieleza kwamba vyuma vinavyoungana reli na reli vilifungwa kwa bolti nne kila kiungo, na kwamba walipoanza kufungua walitambua jambo ambalo hakuna aliyewafundisha: karibu na bahari bolti zilikatwa kwa tindo na nyundo kubwa, lakini walipozidi kwenda bara zikaanza kufunguka kwa spana. Alisema wangeweza kujua umbali wa bahari kwa kusikiliza sauti ya kazi tu.

Mzee huyu ndiye aliyetuokoa mwaka 1984, na habari yenyewe ni hii. Nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga iliyoendeshwa na injini ya dizeli ya Kiingereza ya zamani. Gasketi ya kichwa cha silinda ikaungua. Gasketi yenyewe, kwa bahati, ilipatikana. Ilibaki kufungua nati nne. Spana pekee zilizokuwapo kijijini zilikuja na trekta, nazo zilikuwa za milimita. Nati zilikuwa za Whitworth 3/8, ambazo kama nilivyosema zina upana wa milimita 18. Spana ya 17 haikuingia. Ya 19 ikaingia. Kijana mmoja mwenye nguvu na nia njema akaivalisha spana ile ya 19 kipande cha bomba ili apate urefu, akavuta. Nati mbili zikafunguka. Mbili zikawa mviringo.

Miaka ile, msomaji wa umri wangu anakumbuka, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na nati moja ya namna hiyo hukuweza kuipata dukani Kilwa wala Lindi. Mashine ikakaa. Mashine jirani ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Waliotumwa huko na ndoo za mahindi kichwani walikuwa wasichana, na waliobaki wakashika michi. Niliyaona matokeo katika rejesta ya mahudhurio kabla sijayaona mahali pengine popote: katika darasa la sita karibu nusu ya wasichana hawakuonekana siku tatu za juma, na wale waliokuja walisinzia. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mbele yao mwaka uliofuata. Mtu akiniambia kuwa nati ni kitu kidogo, mimi huikumbuka rejesta ile.

Tukampelekea habari mzee wa reli. Akaja na mfuko wa gunia. Kijana mwenye bomba alikuwa amesimama pembeni akitazama chini, akitaraji kukaripiwa. Mzee hakumkaripia. Alimwambia tu, "Mjukuu wangu, leta mafuta ya taa, kisha keti hapa utazame." Nami nikaketi, maana shule ilikuwa imefunga siku ile. Niliyoyaona nitayaeleza kwa utaratibu aliofuata, kwa sababu utaratibu ndio uliokuwa somo.

Kwanza, hakugusa spana. Alisugua nati na nyuzi zilizojitokeza juu yake kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana. Alisema fundi hawezi kuchagua chombo cha kufungulia kitu ambacho hajakiona. Akadondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, akaondoka. Tulidhani ametukimbia. Akarudi jioni, akadondoshea tena, akaenda kulala. Mafuta hupenya polepole, na hakuna nguvu inayoweza kuyaharakisha. Siku hizi yapo mafuta ya kupenya katika makopo ya kupuliza. WD-40, maarufu kuliko yote, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953. Lakini hata hayo yanahitaji muda, na wengi wanaolalamika kuwa hayafanyi kazi wamesubiri dakika mbili.

Asubuhi alichukua nyundo ndogo akaigonga nati juu na pembeni, si kwa nguvu, bali mara nyingi. Mtikisiko huipasua kutu na kuyapa mafuta njia. Kisha akapima. Nati ya kwanza ilikuwa imelika pembe lakini ilikuwa na mwili. Akachukua tupa, akazipunguza pande zake mbili zinazoelekeana, nusu milimita huku na nusu milimita huku, akiangalia zibaki sambamba, kisha pande nyingine vivyo hivyo, mpaka nati ya milimita 18 ikawa ya 17. Spana ya pete ya 17 akaiingiza kwa kuigonga na nyundo, ikakaa imebana. Alichagua ya pete kwa kuwa inazunguka nati yote na haiwezi kufunguka mdomo. Kabla ya kufungua, alikaza kidogo. Kijana akashangaa. Mzee akasema, "Ukitaka kutoka kwenye tope, kwanza tikisa." Nati ikalia mlio mmoja, ikageuka.

Ya pili ilikuwa imekwisha. Hapo zipo njia kadhaa, nami nitazitaja pamoja na zile ambazo yeye hakuwa nazo. Ipo plaizi ya kujifunga, iliyobuniwa Marekani na mhunzi mzaliwa wa Denmark, William Petersen, katika miaka ya 1920. Hiyo huuma nati kwa meno na kubaki imeuma hata ukiiachia. Ipo spana ya mabomba. Zipo soketi maalumu zenye makali ndani ambazo hujichimbia kadiri zinavyogeuzwa. Ipo gesi ya kuchomelea, ambayo huifanya nati itanuke na kuachia. Kipo kifaa cha kupasulia nati. Kama bolti imekatikia ndani, hutobolewa tundu katikati yake na kuingizwa kitoleo chenye nyuzi za kushoto. Yeye alikuwa na moto wa mkaa na tindo. Aliliondoa tangi la dizeli na kuliweka mbali, akapasha moto kipande cha nondo mpaka kikawa chekundu, akakigandamiza kwenye nati mara tatu. Haikuachia. Hakujaribu mara ya nne. Akachukua tindo, akaipasua nati kwa ubavu, sambamba na bolti, taratibu, asizifikie nyuzi. "Mwalimu," aliniambia bila kuinua kichwa, "nati ni shilingi. Bolti ni injini. Usiuze injini kwa shilingi."

Kisha akatoa mfukoni kopo la maziwa lililojaa nati kuukuu, nyingi za siku za reli na karanga, akachagua moja ya Whitworth 3/8 na nyingine ya akiba. Alizitia grisi kabla ya kuzifunga, na nyuzi za bolti pia, ili atakayefungua baada yake asipate taabu. Mashine ikasaga siku ya tatu. Kilichosalia cha mpango uliogharimu mamilioni kikawarudisha wasichana darasani, nami sioni haya kusema kuwa hiyo ndiyo faida ya karanga niliyoiona kwa macho yangu.

Nimefikiri mara nyingi juu ya spana ile ya 19. Haikuwa mbovu, wala haikuletwa kwa nia mbaya. Ilitosha kabisa mahali ilikotoka. Baada ya Uhuru tulipokea mashine kutoka pande zote za dunia: matrekta na reli ya TAZARA kutoka China, malori ya Scania kutoka Sweden, mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, Land Rover za Waingereza, kisha Isuzu na Toyota za Wajapani. Hata walipokubaliana kutumia milimita hawakukubaliana yote. Nati ya bolti ya milimita 8 kwa desturi ya Wajerumani hufunguliwa kwa spana ya 13, na ile ya magari mengi ya Kijapani kwa spana ya 12. Kila msaada ulikuja na mfuko wake wa spana, na mfuko huo aghalabu ulipotea kabla ya mashine kuharibika. Ndipo fundi wetu akabaki na ile spana ya kurekebishwa mdomo, iliyopewa hataza na Msweden Johan Petter Johansson mwaka 1892, ambayo mafundi wameipa jina nisilopenda kulitamka mbele ya watoto, spana malaya, kwa kuwa hukubali kila nati. Ni chombo chenye manufaa kwa nati nzima isiyobanwa sana. Kwa nati yenye kutu ni adui, maana mdomo wake hucheza, nao ndio mwalimu mkuu wa kulisha pembe.

Lakini nisiwaache wasomaji na lawama tu, kwa kuwa katika pwani yetu hii hii limewahi kupatikana jibu zuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Kwale kusini mwa Mombasa, palikuwa na mradi wa visima vyenye pampu za mkono. Waliouendesha waliona kuwa pampu nyingi hufa si kwa kuchakaa, bali kwa kuwa wenye kisima hawana zana za kuzifungua, na fundi wa wilaya yuko mbali. Katika kazi hiyo, na nyingine za namna hiyo, ikazaliwa pampu iitwayo Afridev. Mabomba yake ni ya plastiki, ambayo hayajui kutu. Na pampu nzima hufunguliwa kwa spana moja tu. Wanawake wa vijiji vya Kwale walifundishwa kuifungua na kuitengeneza wenyewe. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mzee wa reli. Yeye alilazimika kuikata nati ili iifuate spana. Wale wa Kwale waliichagua spana kwanza, wakamfikiria mtu atakayeishika, ndipo wakatengeneza mashine.

Siku hizi Pande ina pikipiki nyingi kuliko baiskeli, na vijana wanaozitengeneza chini ya miembe wana mikono myepesi. Nikipita huwa nasimama. Nimemwona mmoja akiidodosa nati kwa kidole kabla ya kunyoosha mkono kwenye mfuko, nikafurahi. Nimemwona mwingine akihangaika na pedali ya kushoto ya baiskeli ya mwanafunzi, akiikaza zaidi na zaidi huku akidhani anaifungua, kwa kuwa hakujua kwamba pedali ya kushoto ina nyuzi za kushoto. Huyo nilimwambia, naye akanishukuru, "Ahsante babu," kwa mshangao wa kusikia neno hilo kwa mtu wa chaki.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana anunue spana gani, jibu langu ni hili. Nunua chache, za pete na za soketi yenye pande sita, zilizo nzima na zenye namba za mashine ulizo nazo, si za mashine za jirani. Kabla ya kuvuta, safisha, tia mafuta na ungoje. Jaribu kuitikisa spana juu ya nati: ikicheza, itoe, hata kama ndiyo pekee uliyo nayo, ukaazime nyingine. Vaa miwani unapopiga tindo, na usiwashe moto karibu na tangi. Ukimaliza, funga kwa grisi, kwa ajili ya mtu usiyemjua atakayefungua baada ya miaka 20. Mkulima naye aendelee kulima kwa jembe alilolikuta, kwa maana ardhi humsamehe. Nati haisamehi.